Maswali yenu: Pua imekauka na masikio ya moto, mbwa ana homa kweli?

Wiki hii mbwa wamewashinda kuku. Kawaida meseji zenu zinakuwa za vifaranga kufa na ng'ombe kukataa majani, safari hii karibu zote ni mbwa kachemka, mbwa kalala, mbwa hali, basi nikaona niziweke pamoja maana jibu la mmoja linamsaidia na mwingine.

SWALI: Dokta shikamoo. Mimi ni mama wa watoto watatu, tunakaa Igoma, Mwanza. Mbwa wetu anaitwa Simba, ana miaka mitatu, ndo mlinzi wa hapa nyumbani. Tangu juzi jioni kanyong'onyea, chakula hataki, kajikunja nyuma ya simtank, ukimshika masikio ni ya moto na pua imekauka kabisa. Jirani mmoja anasema nimpe nusu Panadol kwenye nyama, mwingine anasema nimmwagie maji ya baridi. Leo jumapili bwana mifugo wetu simu inaita tu. Ntajuaje kama ni homa kweli, na nifanye nini mpaka kesho?

JIBU: Marahaba mama. Kwanza hiyo Panadol irudishe kabatini, ntakwambia kwanini huko mbele, saa hizi tuanze na pua maana pua ndo inawadanganya watu wengi. Pua ya mbwa inakauka akilala, inakauka akikaa juani, inakauka na upepo, na inaweza kuwa imelowa chapachapa huku ndani mnyama anaungua. Masikio nayo hivohivo, akitoka tu kuota jua yanakuwa ya moto. Na ujue mbwa mzima wa afya kabisa ana joto kuliko sisi, sisi tunazungukia 37, yeye kawaida yake ni 38.3 mpaka 39.2, kwahiyo mkono wako ukimgusa lazima utamuona wa moto hata kama haumwi chochote. Mkono haupimi homa ya mbwa, kinachopima ni themomita.

Chukua ile ya dijitali ya kawaida, ile ya watoto inayolia pii pii, ipo kila duka la dawa. Hiyo ukishaitumia ndo imekuwa ya mbwa moja kwa moja, izungushie gundi ya umeme nyeusi au ichore alama, isije siku mtoto akachemka usiku umeme umekatika mkaichanganya. Mbwa anapimwa nyuma, kwenye tundu la haja kubwa, samahani kwa wanaosoma huku wanakula. Kwapani unaweza lakini inasoma chini kidogo na mbwa mwenye manyoya mengi inakupoteza kabisa.

Sasa fanya hivi. Mwache apumzike kama robo saa kivulini, mbwa aliyetoka kukimbia au kubwekea bodaboda joto lake limepanda lenyewe utasema homa kumbe mbio. Mtu anayemzoea zaidi amshike kichwa, mkono mmoja chini ya shingo mwingine umkumbatie kifuani, aongee nae taratibu, na kama ana tabia ya kung'ata mfungeni mdomo kwa kipande cha khanga kwa mda mfupi, ila asiye na hewa vizuri au anayetapika USIMFUNGE mdomo. Wewe kaa ubavuni sio nyuma yake. Paka ncha mafuta ya mgando, mengi usibanie, nyanyua mkia pole pole, ingiza huku unazungusha kidogo, kina chake ni kama sentimita mbili na nusu, yani kiungo cha kwanza cha dole gumba chako, kisha ilaze kidogo iguse ukuta wa ndani maana ikichoma kwenye kinyesi itakusomea chini. Ishikilie hapohapo na mkia pamoja, ikilia chomoa, soma, andika. Ioshe kwa sabuni na maji yasiyo ya moto halafu ifute na spiriti.

Mafuta nimeyasisitiza kwa sababu nilipokuwa mwanafunzi wa mifugo niliwahi kujifanya najua, nikapima mbwa mkavu bila mafuta, aligeuka mara moja tu na nina alama hapa kwenye kiganja mpaka leo. Kosa lilikuwa langu, mbwa hakuwa na kosa. Siku hizi nyumbani kwangu kijana wangu wa mwisho ndo anakaa mbele na dagaa watatu mkononi, anampa mmoja mmoja, mpaka anafika wa tatu kipimo kishalia na mbwa hajajua kilichompata.

Ukishapata namba ndo tunaongea. Ikiwa ndani ya hiyo 38.3 mpaka 39.2 basi homa hana, ila kama hali bado kuna kitu kingine, usifurahi ukafunga mjadala. Ikiwa 39.3 au 39.4 mpe nusu saa upime tena, mara nyingi ni wasiwasi tu wa kushikwa. Ikianzia 39.5 hiyo tuite homa. Ikifika 40 ni leo leo kwa daktari, usiseme kesho. Ikifika 41 hiyo ni dharura, viungo vya ndani vinaanza kuharibika, hapo unatafuta usafiri huku umeshika simu. Na msisahau upande wa chini, mbwa mgonjwa akisoma chini ya 37.5 na amelegea watu wanapumua wanasema homa imeshuka, kumbe mwili unashindwa, huyo ni wa haraka kuliko hata mwenye 39.8.

Kuhusu maji ya baridi, hapa jirani yako wa pili kakosea ila sio sana. Homa ya ugonjwa mwili wenyewe ndo umeamua kupandisha joto upigane na wadudu, ukimmwagia ndoo ya maji ya baridi mwili unaona umepozwa, anaanza kutetemeka, na kule kutetemeka kunazalisha joto lingine. Kwahiyo ikiwa 39.5 au 39.7 mwache tu alale kwenye sakafu ya simenti kivulini, hewa ipite, maji safi ya kunywa karibu na mdomo, na mpe kidogo kidogo hata kama ni kulambishwa kwa kiganja. Chakula usimlazimishe. Unaweza kumchemshia samaki, sato, ukampa ule mchuzi, bila chumvi, bila mwiba, na BILA kitunguu maana kitunguu kinaharibu damu ya mbwa, hili watu wengi hawajui kabisa. Ikivuka 40 ndo unachukua kitambaa chenye maji ya kawaida ya bomba unapangusa masikio, kwapa na nyayo wakati mnasubiri usafiri. Pima kila baada ya masaa manne matano hivi, andika saa na namba kwenye karatasi, daktari ukimpa hiyo karatasi umemrahisishia nusu ya kazi.

Sasa Panadol. Dawa yenyewe ni paracetamol, na mbwa sio mtu mdogo mwenye mkia. Ini lake linashindwa kuisafisha ikizidi kidogo tu, na inaharibu damu isibebe hewa vizuri, unaweza kuona fizi zinageuka rangi ya udongo. Diclofenac na ibuprofen nazo msiguse, zile zinachimba vidonda tumboni na kuua figo, nimeona mbwa aliyepewa diclofenac kwa siku tatu kwa sababu anachechemea, alianza kutapika vitu kama unga wa kahawa. Kuna dawa za kushusha homa zilizotengenezwa kwa ajili ya mbwa, daktari anazo na anapima kwa uzito. Halafu pia ukiishusha homa bila kujua imetoka wapi umezima king'ora tu wakati mwizi bado yuko ndani.

Hebu mwangalie na haya ukimaliza kupima. Funua mdomo wa juu uone fizi, ziwe za pinki, bonyeza kwa kidole paweupe halafu achia, rangi irudi kabla hujahesabu mbili. Zikiwa nyeupe kama karatasi au njano, usisubiri jumatatu. Halafu tafuta kupe, sio mgongoni tu, ingia ndani ya masikio, katikati ya vidole, chini ya mkanda wa shingoni, kwapani, chini ya mkia. Huku kwetu Kanda ya Ziwa mbwa mkubwa mwenye homa asiyetaka kula, mimi wa kwanza kumshuku ni kupe, na magonjwa yake yanatibika vizuri yakiwahiwa.

Kama Simba yuko chini ya 40, anakunywa maji na fizi ni za pinki, mnaweza kufika kesho asubuhi salama. Chochote kikibadilika hapo, tafuta mwingine, hapo mjini bwana mifugo sio mmoja, uliza kwenye maduka ya dawa za mifugo wanawajua wote kwa namba. Ila angekuwa mtoto wa miezi miwili mitatu anayetapika na kuharisha damu nisingekwambia usubiri hata saa moja, hiyo kuna uwezekano mkubwa ni parvo, ugonjwa wa virusi vya tumbo vya mbwa, na wanakauka maji haraka sana.

SWALI: Mkuu, hapa Pasiansi nina kile kipimo cha kupiga kwenye paji la uso, cha kama bastola, tulinunua enzi za korona. Nikimpiga mbwa nacho inakubali?

JIBU: Inakubali kwa maana itatoa namba. Namba yenyewe ni ya manyoya. Na wale wenye zile za zamani za kioo zenye zebaki msizitumie kwa mbwa, akijinyonganyonga kidogo inakatikia ndani.

SWALI: Habari dokta, mimi ni kijana nina banda langu pale karibu na mwalo Kirumba. Mbwa wangu Tomi namfungaga kwenye jiwe mchana alinde mzigo. Jumamosi saa nane nimerudi nimemkuta anahema ulimi nje mrefu, mate yananata, akijaribu kusimama anapepesuka. Nikajua homa, nikamfunika na turubai asipate upepo. Alikuja kupona jioni ila bado mchovu. Ilikuwa homa ya nini?

JIBU: Haikuwa homa kijana wangu, ulimwoka. Nakwambia hivi bila kukuficha kwasababu bahati uliyoipata siku ile haiji mara mbili.

Mbwa hatoki jasho kama sisi, ana kidogo tu kwenye nyayo, joto lake analitoa kwa kuhema. Sasa umemfunga kwenye jiwe, na wewe ni mtu wa Mwanza unayajua mawe yetu, saa nane mchana hata wewe huwezi kulikalia na kaptula. Jiwe linampikia tumbo kwa chini, jua juu, kamba imemzuia asiende kivulini, maji hamna. Hapo joto linapanda sio kwa sababu mwili umetaka, limeingia kutoka nje na mwili umeshindwa kulitoa. Ndo maana matibabu yake ni kinyume na yale niliyomwambia mama wa Igoma. Yule nimemwambia asimmwagie maji, wewe ungetakiwa UMMWAGIE, tena hapohapo kabla hata hujatafuta pikipiki, kupoza kwanza usafiri baadae.

Unamtoa juani, unammwagia maji ya kawaida ya ndoo au ya ziwani mwili mzima hasa tumboni, kwapani na mapajani, unampepea kwa feni au kipande cha boksi, unaendelea kumwagia. Sio barafu. Na usimfunike na taulo lililolowa likakaa, lile likishapata joto linakuwa blanketi, sembuse turubai. Maji ya kunywa mwekee alambe mwenyewe, usimtilie mdomoni akiwa hana fahamu nzuri yataingia kwenye mapafu. Kama una themomita pima kila dakika tano, ikishuka mpaka 39.5 acha kumwagia, maana ukiendelea itapitiliza chini. Mbwa wa sura bapa, wanene na wazee ndo wanaenda haraka zaidi. (Na usimtumbukize ziwani ukamshikilia, anaweza kuzama, na kuna sehemu za ufukweni wenyewe mnajua nani anakaa kwenye matete.)

Huyo Tomi bado nataka aonwe. Mbwa akishapigwa na joto kiasi cha kupepesuka, figo na damu zinaweza kuleta shida siku moja mbili tatu baadae, mkojo ukipungua au ukiona madoa mekundu kwenye fizi au anaharisha damu, mkimbize. Halafu mhamishie kamba upande wa kivuli.

SWALI: Niko Ukerewe. Jike langu ana homa, nimepima nimepata 40.4, mkojo wake kama chai ya rangi iliyokolea, fizi zimepauka. Kupe alikuwa nao wengi nikawatoa kwa mkono wiki iliyopita. Nina sindano ya ng'ombe hapa ya ndigana (ugonjwa wa kupe wa ng'ombe), naweza kumchoma?

JIBU: Umepima vizuri na umeeleza vizuri, wabeja sana, yani asante, natamani wote mngeandika hivi. Mkojo wa rangi hiyo pamoja na fizi kupauka na kupe inanipeleka kwenye ugonjwa unaoitwa babesia, kijidudu kinaingia ndani ya chembe nyekundu za damu kinazipasua, ile rangi unayoona kwenye mkojo ni damu yake mwenyewe iliyopasuliwa. Kuna na mwenzake unaitwa ehrlichia, huo unakaa kwenye chembe nyeupe, huo mara nyingi unakuja na macho kutoa tongotongo, kukonda, na wengine damu puani. Wanaweza kumpata wote wawili kwa mpigo maana kupe ni huyohuyo, yule wa kahawia anayependa kupanda kwenye kuta.

Sindano ya ng'ombe usichome. Kuna dawa zinazotumika kwa ng'ombe na kwa mbwa pia, hilo ni kweli ndo maana watu wanajaribu, lakini mbwa wa kilo kumi na tano na ng'ombe wa kilo mia mbili na hamsini sio kipimo cha kukadiria kwa jicho, na baadhi ya hizo dawa zikizidi mbwa anapata shida ya ubongo, anaanza kutetemeka na kutembea kwa kuzunguka. Leo hiihii mpigie afisa mifugo wa kata yako, mtajie namba tatu hivi: joto, uzito wa mbwa (panda mzani nae halafu panda peke yako utoe), na siku ngapi hajala. Kama hapo kisiwani hamna wa kumtibu basi usisubiri, vuka Rugezi kwenda Kisorya au panda meli ya Nansio kuja mjini, na ukija mjini damu yake inaweza kupimwa kwenye maabara ya wakala wa veterinari, TVLA, wana kituo Mwanza. Njiani kitambaa cha maji ya kawaida kwenye masikio na nyayo, na maji ya kunywa. Wengine wanafika wameshapungukiwa damu mpaka wanahitaji kuongezewa.

Akipona rudi kwenye kupe. Kupe wa mbwa anataga kwenye nyufa za banda, kwahiyo ukimwogesha mbwa ukaacha banda umefanya nusu. Na ile dawa ya josho la ng'ombe msiikoroge kwa kukisia, someni kibandiko, au chukueni iliyoandikwa mbwa. Ukiwa na paka nyumbani uliza kabla, kuna dawa za kupe za mbwa zenye permethrin zinaua paka.

SWALI: Dokta, mbwa wa jirani hapa Buhongwa jana alikuwa mpole leo anamung'unya mate, sauti imebadilika, taya kama limeanguka, anahangaika. Wanasema ana homa na mfupa umekwama kooni. Nimeambiwa wewe unafundisha kupima joto, nikampime?

JIBU: Usimguse. Usipime chochote, na asitokee mtu akaingiza mkono mdomoni kutafuta mfupa, watu wameshapata kichaa cha mbwa kwa njia hiyohiyo. Watoto ndani, mbwa afungiwe mahali bila kushikwa ikiwezekana, na mpigieni afisa mifugo sasa hivi. Aliyeng'atwa au kulambwa kwenye kidonda aoshe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, zihesabiwe kabisa kwenye simu, halafu hospitali siku hiyohiyo kwa ajili ya chanjo, hata kama kidonda ni mkwaruzo. Ugonjwa huu dalili zikishatokea kwa binadamu hauna dawa. Nimelijibu kwa kifupi kwasababu nimekupigia simu pia.

SWALI: Mimi wa Nyegezi, mbwa wangu ana mimba ya kwanza. Nilianza kumpima asubuhi na jioni kama ulivoandika mwaka jana. Siku zote ni 38.4, 38.5, leo jioni imesoma 36.9! Nimepima mara tatu. Anachimba chimba kwenye kona na hajala. Anakufa?

JIBU: Hafi, anazaa. Kama masaa 24 kabla ya uchungu joto la jike linashuka chini ya 37.2 hivi, halafu linapanda tena, na wewe umelidaka palepale, safi sana. Mwekee boksi na nguo kuukuu mahali pakavu penye giza kidogo, watoto wa jirani wasijazane kumwangalia. Vitoto vikitoka navyo visikutishe, wiki ya kwanza vinasoma 35 mpaka 37 tu na haviwezi kujipasha, upepo wa ziwa usiku unavimaliza, zibeni huo upande. Mama yao muendelee kumpima, akipanda 39.5 na matiti magumu ya moto au anatoa uchafu unaonuka, ni wa daktari, na akianza kutetemeka na kukakamaa wakati ananyonyesha hiyo ni madini ya chokaa (calcium) yameisha mwilini, usiku huohuo mkimbize. Kwa leo kaa na saa. Akisukuma kwa nguvu nusu saa na hakuna kitoto, au yakipita masaa mawili kati ya kimoja na kingine na unajua bado wapo, au kesho jioni imefika hajaanza kabisa, nipigie.